SI Maana Yake Safi

Madamu wa kituo cha kulea watoto alimwambia mwanamke asiyejua kusoma kwamba SI ni kifupi cha safi. Huo ndio ubaya wenyewe, na hauna haja ya kuzungushwa. Kwa neno hilo watoto kumi na wanane walinyweshwa maji ya kukorogea saruji kwa mwaka mmoja na miezi minne, na mkono uliowanywesha haukuwa wa Madamu. Ulikuwa wa Bibi Vikombe, ambaye siku mambo yalipofumuka aliambiwa mbele ya wazazi wote kuwa ni mvivu, ni mwongo, na tena ni mjinga. Hilo la mwisho alikuwa amelikubali siku nyingi. Ni yale mawili ya mwanzo anayoyakataa mpaka leo.

Jina la Vikombe alipewa na watoto, kwa sababu kila asubuhi walimkuta na beseni la vikombe vya plastiki, kila kikombe na rangi yake na mwenyewe wake. Rangi zilipokwisha, alitia alama kwenye vishikio kwa kisu cha moto. Kituo chenyewe kilikuwa nyumba ya vyumba viwili na ua wa saruji. Chumba kimoja walilala wadogo, kingine waliimba wakubwa, maana yake wa miaka minne. Madamu alikuwa na meza yake barazani na daftari la mahudhurio, mwalimu alikuwa na nyimbo zake, na Bibi Vikombe alikuwa na jiko, ndoo, choo, na kila kilichotoka ndani ya mtoto au kilichomwagika juu yake. Umri wake ulikuwa bado wa kuitwa mama, miaka arobaini na tisa. Lakini mjukuu wake alikuwa hapohapo kituoni, na alipomwita Bibi, wenzake wote wakafuata. Akazeeka kwa siku moja.

Shule hakwenda. Kwao walikuwa watoto watano; kaka zake walipewa madaftari, yeye akapewa ndoo. Basi kama kulikuwa na kitu alichojidai kukijua duniani, kitu hicho kilikuwa maji. Alijua ya juu ya pipa na ya chini ya pipa. Alijua kuyainua kwenye glasi juani, kufumba jicho moja kama fundi saa, na kutoa hukumu: "Haya yanafaa. Haya kaoshee miguu." Majirani walimletea glasi zao awaamulie. Kama angekuwa na koti jeupe angelivaa.

Zamani kituo kilitumia maji ya bomba, na yeye aliyachemsha kila asubuhi kabla ya mtoto wa kwanza kuletwa. Sufuria kubwa, mfuniko juu, mpaka mfuniko wenyewe uanze kurukaruka. Kisha bomba likaanza kukata, leo lipo, kesho halipo, na Madamu akanunua tangi jeusi kwa mkandarasi aliyekuwa amemaliza kujenga ghorofa barabara ya pili. Lilikuja na ukoko wa saruji kwenye mfuniko na maandishi meupe ubavuni. Lori lililokuwa likimletea mkandarasi maji likaanza kumletea Madamu.

"Madamu," Bibi Vikombe aliuliza siku ile ile, mikono kiunoni, "hapa pameandikwa nini?"

Madamu alikuwa na simu sikioni. Alitazama tangi, akatazama lori, akatazama tena tangi. "Maji safi ya kunywa," akasema.

Bibi Vikombe aliyahesabu maneno kwa kidole. Manne, sawasawa. Lakini hakuwa mtu wa kuridhika upesi. Ndiyo sifa yake na ndiyo iliyommaliza.

"Mbona safi yenyewe ni fupi hivi? Viherufi viwili tu. Sa-fi. Mimi nikilisema mdomo unafunguka mara mbili."

"Ah, mama nawe! Limefupishwa. S na I. Wasomi ndivyo wanavyoandika. Dk. si daktari?"

"Ni daktari?"

"Ni daktari."

"Aaa," akasema Bibi Vikombe, kwa furaha ya mtu aliyefunguliwa mlango.

"Na kuchemsha sasa basi. Mkaa unakwisha humu kama mnautafuna. Maji yameandikwa safi, wewe unayachemshia nini? Unamshuku aliyeandika?"

Nani amshuku aliyeandika? Bibi Vikombe hakuwa na ubavu huo. Aliyainua maji ya lori kwenye glasi, akafumba jicho lake la fundi saa, akayaona meupe, yanameta. Akatoa hukumu. Sufuria kubwa ikapanda juu ya kabati, na yeye akashukuru moyoni kupata nusu saa ya kukaa. Hilo nalo lisemwe. Alishukuru.

Tangi likawekwa nyuma ya jiko, na Madamu akaagiza maandishi yageuzwe ukutani. "Jua lisije likayafifisha," akasema. Bibi Vikombe aliona hiyo ni busara. Tena aliyahurumia maandishi yale kukaa gizani, akawa kila Jumatatu anapita kiupande kati ya tangi na ukuta, yeye mwenye mwili wa kupita milango miwili, anayapangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji. Mara moja alinasa humo mpaka mwalimu akaja kumvuta mkono. Mwalimu aliona mkono tu, maandishi hakuyaona. Kwa hiyo kituo kizima hapakuwa na mtu aliyeyatazama kila wiki isipokuwa yule mmoja asiyejua kuyasoma.

Ila mawili aliyajua sasa. S, nyoka aliyesimama. I, fimbo ya kumpigia. Lilikuwa neno la kwanza kulijua kwa macho maishani mwake, na alilipenda kama watu wanavyopenda mtoto wa kwanza, bila kiasi. Alinunua uzi wa buluu akatarizi SI kwenye kitambaa cha kufunikia ndoo ya maji. Kikapendeza, akatarizi vingine vitatu. Akaanza na kulisema. "Nawa mikono iwe si." "Sakafu leo ni si kabisa, asikanyage mtu." Watoto walidaka neno kama wanavyodaka mafua. Madamu alilisikia neno, akakiona na kitambaa. Alinyanyua ukingo wake kwa vidole viwili, akaurudisha, akaenda zake mezani.

Binti yake Bibi Vikombe alikuwa mshonaji sokoni, na alikuwa amesoma mpaka darasa la saba kwa nguo za watu alizofua mama yake. Alimkuta mama anatarizi kizingitini.

"SI nini, Mama?"

"Mambo ya kazini."

"Haya. Lakini si nini?"

"Utajua ukikua," akasema Bibi Vikombe, akakata uzi kwa meno. Hakutaka kuulizwa na mtoto wake maswali ya kusoma, siku ambayo kwa mara ya kwanza alikuwa na jibu. Angemwonyesha siku nyingine, akishajua maneno mengi. Angemshtua.

Kusoma hakujua, lakini kuweka kumbukumbu alijua kwa namna yake. Kila mwanzo wa mwezi aliwasimamisha watoto mmoja mmoja kwenye mwimo wa mlango wa jiko, kisigino ukutani, kidevu sawa, akakwaruza mstari kwa msumari juu ya utosi, na kando akatia doa la rangi ya kikombe. Watoto waliupenda mchezo huo. Wa kikombe chekundu, mjukuu wake, mtoto wa miaka miwili mwenye sauti kubwa kuliko tumbo lake, alijinyoosha mpaka akasimama kwa vidole.

"Shusha visigino, mwizi wewe!"

"Sijaiba, Bibi!"

"Umeiba nusu kidole. Shusha."

Ile mistari ilikuwa ikipanda kama ngazi. Baada ya tangi kuja, ngazi ikaanza kukosa vipandio. Mstari wa mwezi ukakaa karibu mno na wa mwezi uliopita. Mara mwingine ukaja kukaa juu ya mwenzake, msumari ukazama kwenye tundu lilelile. Bibi Vikombe aliulaumu msumari. Akanoa mwingine.

Na watoto walikuwa wakiharisha. Si wote kwa pamoja. Ingekuwa wote kwa pamoja hata yeye angeshtuka. Wiki hii wawili, wiki ijayo watatu, wanapona, wanarudi, wanaharisha tena. Yeye ndiye aliyefua, kwa hiyo yeye ndiye aliyepaswa kujua. Alikuwa na majibu tele: meno yanaota, joto limezidi, wazazi wanawalisha visivyofaa siku za mapumziko. Kila mtoto aliyeharisha alimpa kikombe kimoja zaidi. "Kunywa, mwanangu, urudishe maji mwilini. Haya ni si." Akasimama hapo mpaka kikombe kikaisha. Akapangusa mdomo wa mtoto kwa ncha ya kanga. Mtu akitaka kumcheka aanzie hapo. Yeye mwenyewe ndipo anapoanzia, na ndipo kicheko kinapomkatikia.

Mjukuu akakonda shingo. Akaacha kuimba. Akawa anakaa tu kizingitini mwa jiko akitazama wenzake, na miguu yake ikawa kama miguu ya kiti. Binti akaja juu.

"Mama, huko kituoni mnampa nini?"

"Tunampa nini! Anakula, anakunywa. Wewe unamlisha nini huko kwako?"

"Kwangu analala tu, Mama. Mchana kutwa yuko mikononi mwako."

"Basi yuko kwenye mikono mizuri."

Alisema hivyo. Kesho yake alimbeba mtoto mgongoni, akampeleka zahanati mwenyewe, ili aonekane nani mwenye makosa.

Muuguzi alikuwa binti mdogo mwenye miwani, anaongea huku anaandika. Alimtundika mtoto kwenye mzani, akamlaza kwenye ubao wa kupimia urefu, akatazama kadi, akaacha kuandika.

"Bibi, huyu uzito umeshuka mara tatu. Urefu ndio kabisa, umesimama. Anaharisha mara kwa mara?"

"Meno."

"Ana meno yote, Bibi. Anakunywa maji gani?"

Swali hilo lilimkuta Bibi Vikombe amejiandaa, kwa miezi kumi na sita. Aliketi wima. "Mwanangu, hapo usihangaike. Maji yetu ni ya tangi, na tangi limeandikwa. Ni SI."

"Ni nini?"

"SI. Limefupishwa. Nyinyi wasomi ndivyo mnavyoandika."

Muuguzi alimtazama kama anayetafuta wapi pa kucheka. Kisha akageuza karatasi tupu, akamsogezea kalamu. "Niandikie nilione."

Hakuwa ameshika kalamu hata siku moja. Aliishika kama mwiko. Lakini alikuwa amepangusa maandishi yale kila Jumatatu, herufi kwa herufi, na mkono wake uliyakumbuka hata kama kichwa hakikuyajua. Alichora. Aling'ata ulimi, jasho likamtoka, akachora maneno yote manne, makubwa, yamepinda kama uzio uliolaliwa na ng'ombe, na alipomaliza akainua uso kwa fahari ambayo hadi leo akiikumbuka anajifunika kanga.

Muuguzi akasoma kwa sauti, polepole. "Maji. Si. Ya kunywa."

Bibi akaweka kidole juu ya neno la pili.

"Safi," akasema Bibi Vikombe.

"Si, Bibi. Kama unavyosema si mimi. Si yangu. Si ya kunywa."

Alikuwa ameisema *si* hiyo kila siku ya maisha yake. Aliisema kabla ya kuota meno. Neno la kwanza alilojifunza kulisoma alilijua tangu utotoni, na alikuwa amelivua maana yake na kulivisha ya kinyume, kisha akalitarizi kwa uzi wa buluu.

Muuguzi hakucheka. Alimweleza, na alimweleza vizuri. Kwamba maji yanaweza kung'aa na yakawa na wadudu wa tumbo, jicho haliwaoni, hata la fundi saa. Kwamba mtoto anayeharisha kila mara, chakula kinapita tumboni kama mgeni, hakikai; na tumbo lenyewe linachoka, linasahau kazi yake. Kwamba miaka hii ya mwanzo ndiyo mwili na ubongo vinajengwa, na kinachokosekana sasa ni kigumu kukirudisha baadaye. Dawa alimpa, za kuchanganya na maji. "Yaliyochemka, Bibi. Yachemke hasa, mpaka—"

"Mpaka mfuniko urukeruke," akasema Bibi Vikombe. "Najua."

Alijua. Hilo ndilo la kuuma.

Alirudi kituoni na mtoto mgongoni, akafungua koki ya tangi, akaacha maji yamwagike uani mpaka yakafika barazani chini ya meza ya Madamu.

"Umechanganyikiwa?"

"Madamu, uliniambia SI ni safi."

Madamu aliinua miguu isilowe. "Mimi?" akasema. "Nikuambie maneno kama hayo mimi? Ulisikia vibaya, mama."

Muuguzi alipeleka habari, bwana afya akaja na chupa zake za kupimia, akafunga lile tangi, na Jumamosi wazazi wakaitwa. Waliketi kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Madamu alisimama. Alisema tangi lilikuwa la kufanyia usafi tu. Maji ya kunywa alishaagiza yachemshwe. Na mfanyakazi, kwa uvivu wake, aliacha kuchemsha.

"Sikuacha!" akasema Bibi Vikombe. "Nilikatazwa! Aliniambia ile SI ni kifupi cha safi."

Mzazi mmoja fundi wa baiskeli akaangua kicheko, na wengine wakamfuata. Si kicheko cha furaha, watoto wao walikuwa wagonjwa; lakini waliangua.

"Jamani," Madamu akasema, mikono ameifungua, "mimi niliyesoma, nimwambie mtu mzima SI ni safi? Yupo hata mmoja wenu angesadiki?"

Hakuwepo. Hapo ndipo alipomshinda. Uongo ulikuwa wa kipumbavu mno kiasi kwamba hakuna mwenye akili angekubali kuwa ulisemwa, na aliyeusadiki peke yake ndiye aliyekuwa anausimulia.

Akatoa vitambaa. Alidhani ndio ushahidi wake. Alivitandaza vyote vinne: SI, SI, SI, SI. "Tazameni! Ningejua maana yake, ningetarizi hivi kwenye maji ya watoto? Na mjukuu wangu anayanywa?"

"Mama," akasema fundi baiskeli, anafuta macho, "ungetutarizia na HAPANA kwenye sahani."

Wakacheka tena. Yeye mwenyewe nusura acheke. Alimtazama binti yake kwenye kiti kidogo cha kijani. Binti hakucheka. Alikuwa ameshika kitambaa kimoja, anapitisha kidole juu ya uzi.

"Ungeniuliza mimi, Mama," akasema. Basi.

Kazi iliisha siku hiyo. Kituo hakikufungwa. Kilirudishiwa bomba, mwalimu ndiye anayechemsha, na mwimo wa mlango wa jiko ukapakwa rangi mpya ya maziwa. Lakini rangi haikujaza mikwaruzo ya msumari. Ukipitisha kidole unaihesabu yote, pale inapopanda na pale inapogoma. Bwana afya hakuitazama, kwa kuwa haikuwa na maandishi.

Binti alimchukua mtoto. "Kwa sasa hatakunywa kwa mkono wako, Mama. Nisamehe." Mkono wenyewe Bibi Vikombe aliujua. Alifua nguo za watu. Kila asubuhi alichemsha sufuria nzima ya maji nyumbani kwake, mtu mmoja, maji ya kutosha watoto kumi, akayapoza, akayafunika, jioni akayanywa mwenyewe mpaka tumbo likalia kama pipa. Majirani walikoma kumletea glasi.

Mwezi wa nne tangu hapo, asubuhi ya mapumziko, binti akatokea mlangoni na mtoto mkononi. Shingo ilikuwa imejaa kidogo. Sauti ilikuwa imerudi, ilisikika tangu kona.

"Amenisumbua wiki nzima," binti akasema, hatazami moja kwa moja. "Anakataa maji ya kwangu. Anataka ya aina fulani, simwelewi."

Mtoto alishapita ndani, anaelekeza kidole kwenye sufuria iliyofunikwa.

"Bibi, maji si!"

Binti na mama wakatazamana. Nje ya kituo kile hakuna mtoto duniani anayesema hivyo kwa maana hiyo. Neno lile halikuanzia kwa mtoto, wala halingeweza kuanzia kwa bibi yake asiyejua herufi, na binti, aliyesoma mpaka darasa la saba, alisikia sasa kwa masikio yake lilikotoka.

"Kumbe kweli Madamu alikuambia," akasema.

"Nilisema."

Binti akafunua sufuria, akanusa, akagusa ubavu wake uliokuwa bado na joto. Kisha akachukua kikombe chekundu rafuni, kile kilichotoka kituoni, na kumpa mama yake.

"Mpe."

Akampa. Mtoto akanywa chote, akavuta pumzi, akataka kingine. Kisha bila kuambiwa akaenda kusimama kwenye mwimo wa mlango, visigino ukutani. Binti akakwaruza mstari. Bibi Vikombe akapima kwa vidole vyake. Mjukuu wa jirani, aliyezaliwa naye wiki moja na aliyepimwa mlango huohuo, alimzidi kwa vidole viwili.

Na hivyo ndivyo mambo yalivyo. Bibi Vikombe ana deni la neno: anamfundisha mtoto kwamba safi ni safi na si ni si, naye mtoto anambishia, maana wa kwanza kumfundisha ni yeye. Hilo atalilipa. Vidole viwili hawezi kuvilipa, wala Madamu hawezi, ingawa anadaiwa vya watoto kumi na wanane. Lakini lipo analoweza Madamu. Anadaiwa sentensi moja, aiseme mwenyewe uani pale, mbele ya wazazi walewale kwenye viti vilevile: *Ni mimi niliyemwambia.* Haina hata herufi nyingi. Asiifupishe.